Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo Juu ya Kuwatembelea Wazazi wa Watoto Wadogo Vijijini

Utangulizi

Kutembelea familia ni kazi tuliyoizoea. Katekista huenda, mwenyekiti wa jumuiya huenda, akina mama wa WAWATA huenda, na mseminari akiwa likizo hutumwa na paroko wake aende. Mara nyingi tunakwenda kwa mgonjwa, kwa wafiwa au kwa ndoa iliyoyumba. Ni mara chache tunabisha hodi kwa sababu tu ndani ya nyumba ile kuna mtoto wa miezi 8 na mama yake.

Somo hili linahusu nyumba hiyo. Tutaona kwa nini miaka ya kwanza ya mtoto inahitaji mgeni wa namna hii, mgeni huyo afanye nini akishakaribishwa, na nyumba zipi zitangulie. Swali hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu watembeleaji ni wachache siku zote na nyumba ni nyingi.

1. Miaka ya kwanza ina uzito gani?

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote tangu ujauzito hadi miaka mitatu. Unakua kwa chakula, na unakua pia kwa kuitwa, kutazamwa, kushikwa, kuimbiwa na kujibiwa. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba watoto milioni 250 walio chini ya miaka 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani asilimia 43, wako katika hatari ya kutofikia uwezo waliozaliwa nao. Sababu mbili zilizotumika kuwahesabu ni umaskini uliokithiri na udumavu.

Tusidhani kwamba udumavu ni suala la njaa tu. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, karibu asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, maharage na viazi! Ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa, ikiwa mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka 7, na uji ni wa mahindi matupu mara mbili kwa siku. Kati ya ghala na mdomo wa mtoto kuna malezi.

Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaotaja mambo matano ambayo mtoto mdogo anayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania iliyachukua mambo hayo matano katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8.

Kati ya hayo matano, zahanati inayajua vizuri mawili ya kwanza. Mama akienda kliniki, mtoto anapimwa uzito na kuchanjwa. Lakini malezi yenye mwitikio hayana sindano wala mzani. Maana yake ni hii: mtoto anatoa ishara, mzazi anaiona, anaielewa na anaijibu. Mtoto ananyoosha kidole kwa kuku, mama anasema, "Ee, yule ni kuku, anakula mtama." Jambo dogo hilo, likirudiwa mara nyingi kwa siku, ndilo linalojenga lugha na akili. Nalo linatendeka nyumbani, ambako muuguzi wa zahanati hafiki mara kwa mara.

2. Jamaika: saa moja kwa wiki

Katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walifanya utafiti katika mitaa maskini ya Kingston, Jamaika. Walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa maziwa ya lishe kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani saa moja kila wiki na wahudumu wa afya wa jamii, waliomwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata ziara wala maziwa. Kazi hiyo iliendelea miaka miwili.

Miaka miwili ilipokwisha, maziwa yalikuwa yamesaidia, na ziara zilikuwa zimesaidia. Lakini watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima, na hapo tofauti ikajitokeza. Faida ya maziwa ilififia, faida ya ziara ikabaki. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Njia hiyo ikachukuliwa na nchi nyingine hadi vijijini. Peru, kwa mfano, ina mpango wa serikali uitwao Cuna Más, ulioanza 2012, ambamo wanakijiji waliofundishwa huwatembelea kila wiki wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 3.

Tuwe waangalifu hapa. Fundisho la Jamaika si kwamba chakula hakina maana. Mtoto mwenye njaa hachezi. Fundisho ni kwamba mgeni alikuja kwa saa moja, na wiki ina saa 168. Kilichomjenga mtoto hakiwezi kuwa ile saa peke yake. Ni saa zile nyingine ambazo mama aliendelea kufanya alichokigundua kuwa anaweza. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ziara ya malezi inapimwa kwa kile anachobaki nacho mwenyeji mgeni akishaondoka.

Hilo linakubaliana na mafundisho tunayoyasoma hapa seminarini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Anayemtembelea mzazi huyo anakwenda kumsaidia katika kazi iliyo yake, wala hana ruhusa ya kumnyang'anya.

3. Rwanda: nyumba yote, baba akiwemo

Mfano wa pili unatoka kwa majirani zetu. Nchini Rwanda kuna mpango uitwao Sugira Muryango, ulioandaliwa na watafiti wa Boston College, chuo kikuu cha Wajesuiti nchini Marekani, pamoja na wenzao wa Rwanda. Mpango huo ulielekezwa kwa familia zilizokuwa tayari katika orodha ya serikali ya kaya maskini, zenye mtoto wa miezi 6 hadi 36. Mwaka 2018 ulijaribiwa kwa kaya zaidi ya 1,000 katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu. Watembeleaji walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Kila familia ilipangiwa ziara 12.

Mambo mawili katika mpango huo yanatufaa sana. Kwanza, kila ziara ilikuwa na dakika za mzazi kucheza na mtoto wake palepale, mtembeleaji akitazama na kumtia moyo. Pili, baba alihesabiwa. Mazungumzo yaligusa lishe na usafi, lakini pia hasira, adhabu za viboko na ugomvi wa mume na mke. Ni vigumu kuyasema hayo mbele ya majirani 20 chini ya mwembe. Nyumbani, kwa watu waliokwisha kuaminiana, yanasemeka.

Matokeo yalionyesha kwamba wazazi waliotembelewa walicheza zaidi na watoto wao, akina baba walishiriki zaidi katika malezi, adhabu kali zilipungua, na wanawake walitaja ukatili mdogo zaidi kutoka kwa wenzi wao. Mwaka mmoja baadaye watoto walionekana kuwa mbele ya wenzao katika mambo kama kuwasiliana na kutatua matatizo. Mtoto wa miaka miwili hukua ndani ya amani au vurugu za nyumba yake, na mgeni anayetaka kumsaidia hawezi kupita pembeni ya jambo hilo.

4. Kenya: je, lazima twende nyumba kwa nyumba?

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: basi, twende kila nyumba. Lakini kuna ushahidi unaotutaka tufikiri mara mbili. Magharibi mwa Kenya kulifanyika utafiti wa mpango uitwao Msingi Bora, katika vijiji 60, matokeo yake yakachapishwa 2021. Wahudumu wa afya wa kujitolea waliwafundisha wazazi wenye watoto wa miezi 6 hadi 24. Katika baadhi ya vijiji wazazi walikutana kwa vikundi mara 16. Katika vingine walikutana mara 12 na kutembelewa nyumbani mara 4. Vijiji vingine havikupata mafunzo hayo, ili kulinganisha.

Watoto wa vijiji vilivyofundishwa walipiga hatua katika akili na lugha. Lakini vijiji vya vikundi peke yake havikuachwa nyuma na vile vilivyoongezewa ziara. Vilifanya vizuri, tena kwa gharama ndogo zaidi. Katika kikundi mama anaona kwa macho yake mtoto wa jirani akiimbiwa na kujibu. Anacheka, anajaribu, na wiki inayofuata anawaambia wenzake ilivyokuwa. Mgeni mmoja nyumbani hawezi kumpa hayo.

Je, Rwanda na Kenya zinapingana? Hapana. Zinajibu maswali mawili tofauti. Kenya inatuambia njia ya kuwafikia wazazi wengi. Rwanda inatuambia namna ya kuzisaidia familia zenye mizigo mizito. Mama anayekuja kwenye kikundi amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuja. Tujiulize kuhusu asiyekuja: mama wa miaka 17 anayeona haya, mama mwenye mtoto mlemavu ambaye majirani wanamnong'ona, bibi anayelea wajukuu watatu na magoti hayamruhusu kutembea, mke ambaye mumewe hampi ruhusa ya kutoka. Hao hawatafikiwa na tangazo la mwisho wa Misa. Ni lazima mtu aende.

5. Hesabu ya parokia

Tuchukue mfano wa kigango chenye watoto 60 walio chini ya miaka 3 na watu 8 waliojitolea. Wao pia ni wakulima, kwa hiyo tuseme kila mmoja anaweza kutoa ziara 3 kwa wiki. Hizo ni nyumba 24. Tukitaka kila nyumba kila wiki, nyumba 36 zinabaki nje, na kwa kawaida zitakazobaki ni zile za mbali na zile zisizo na kauli.

Tupange namna nyingine. Tunaunda vikundi vinne, wazazi wapatao 12 kila kimoja, vinavyokutana kila baada ya wiki mbili siku ile ile ya jumuiya, kila kikundi kikiongozwa na watu wawili. Hapo wamefikiwa karibu 48. Nyumba 12 zilizobaki, zile ambazo hazikuja hata baada ya kualikwa, ndizo zinazotembelewa kila wiki. Zinahitaji ziara 12 tu, na watu ni 8. Hata msimu wa kulima inawezekana.

Huu ndio uamuzi ambao somo hili linaupendekeza: kikundi kwa wengi, mlango kwa mlango kwa wasiokuja. Kinyume chake ndicho tunachokiona mara nyingi, yaani watembeleaji kwenda kwa urahisi katika nyumba zenye chai na viti, karibu na barabara.

Wala parokia haianzi peke yake. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mtu wa kwanza wa kuonana naye ni mhudumu wa kitongoji, kisha muuguzi wa zahanati na afisa ustawi wa jamii. Katika Kenya, Malawi na Zambia, Catholic Relief Services pamoja na vyama vya masista waliwafundisha masista kazi hii ya malezi ya awali, nao wakaitia ndani ya huduma zao za kila siku. Mfano upo.

6. Ziara yenyewe: hatua sita

(a) Ingia kwa adabu. Piga hodi, ngoja ukaribishwe. Msalimie bibi kwanza, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye kauli juu ya mtoto. Kama mama anapukuchua mahindi, keti umsaidie. Usimwondoe kazini.

(b) Tazama kabla ya kusema. Mtoto anafanya nini? Mama anamjibuje? Nani anamshika mtoto mama akiwa shambani?

(c) Uliza na usikilize. "Mama, unacheza naje na mwanao?" "Unajuaje kwamba amechoka?" "Akikusemesha kwa kile kilugha chake, wewe unamwambiaje?" Akijibu, "Mimi sina muda wa kucheza," usibishane naye. Mwulize anamwogesha saa ngapi. Huo ndio muda.

(d) Sifia jambo la kweli. "Nimeona ulivyomtazama machoni ulipomnyonyesha, naye akatulia." Sifa ya uongo mama ataitambua mara moja. Sifa ya kweli humfundisha kwamba tayari analo la kumpa mwanawe.

(e) Shauri jambo moja, lifanyike palepale. Mtoto abaki mikononi mwa mama, mgeni asimchukue. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6: mtazame, tabasamu, iga sauti anazotoa. Miezi 6 hadi 9: mpe kikombe na kijiko safi agonge. Miezi 9 hadi 12: ficha kitu chini ya kanga, akitafute. Mwaka 1 hadi 2: mpe vyombo vya kupanga na kupachika kimoja ndani ya kingine. Miaka 2 hadi 3: hesabuni maembe, tajeni rangi, msimulie hadithi, mwimbie. Mwanasesere wa gunzi, mpira wa matambara na chupa yenye punje za mahindi iliyofungwa imara vinatosha. Vitu vidogo vinavyoweza kumkaba visifike mkononi mwake.

(f) Panga na uage. "Mpaka nitakaporudi, utafanya nini na mwanao, na saa ngapi?" Ziara ijayo inaanza kwa swali hilo hilo.

7. Mambo ya kuepuka

Usigeuze ziara kuwa ukaguzi. Mgeni anayechungulia sufuria na kuandika daftarini hatakaribishwa mara ya tatu.

Usiahidi msaada usio nao. Kama nyumba haina chakula, lifikishe kwa Caritas ya parokia na kwa serikali ya kijiji. Kumfundisha mama michezo huku umefumba macho usiione njaa yake ni dhihaka.

Usitibu. Mtoto wa miezi 4 asiyetabasamu wala kufuata uso kwa macho, asiyegeuka akisikia sauti, wa miezi 9 asiyekaa, wa miezi 18 asiyetembea, apelekwe zahanati. Mweleze mama bila kumtisha, na ikiwezekana msindikize.

Usiende peke yako. Watembeleaji waende wawili wawili, mchana, kwa ratiba inayojulikana na paroko. Mgeni asibaki peke yake na mtoto kamwe. Siri ya nyumba ibaki siri, isipokuwa mtoto anapoumizwa. Hapo ukimya ni dhambi ya kutotimiza wajibu. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyolipiwa.

Hitimisho

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayemlea ni yule anayeamka naye. Mtembeleaji mwema hufika, huona uwezo uliojificha katika mikono ya mama na baba, huutaja kwa sauti, kisha huondoka. Asipohitajika tena, kazi yake imefaulu. Basi, kabla ya kuanzisha chochote, mwombe katekista wako orodha ya nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 3, kisha weka alama kwenye zile ambazo hakuna aliyezifikia mwaka huu. Anza na hizo.

Maswali ya kutafakari na kujadiliana

1. Katika kigango chenu, ni wazazi gani ambao hawaji katika mikutano ya jumuiya, na ni nini kinachowazuia?

2. Akina baba wa kwenu wanashiriki vipi katika malezi ya mtoto wa chini ya miaka 3? Nani angeweza kuzungumza nao wakamsikiliza?

3. Tajeni nyimbo za kubembeleza, vitendawili na michezo ya watoto ya kabila lenu. Ipi imeanza kusahaulika, na inaweza kurudishwa vipi nyumbani?

4. Mkiwa na watembeleaji 8 kama katika mfano wetu, nyumba 12 za kwanza zitakuwa zipi?